Wanafunzi wa chuo Japani wananyamaza kwenye somo la mazungumzo ya Kiingereza, nifanyeje?

Mjukuu wa Fundi

Habari zenu wakuu.

Tangu Aprili, muhula wao ulipoanza, nafundisha mazungumzo ya Kiingereza mtandaoni. Wanafunzi ni wa chuo kikuu huko Japani, wengi mwaka wa kwanza na wa pili. Kipindi ni dakika 25, mtu mmoja mmoja, isipokuwa Alhamisi nina kundi la wanne. Mada naletewa na ofisi: chakula, wikiendi, hali ya hewa, usafiri, mambo unayopenda. Saa tatu usiku kwao huku Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri, kwa hiyo muda haunisumbui.

Kinachonisumbua ni kimya. Na si kwamba hawajui lugha. Nikiwawekea habari ya kusoma wanaisoma, wanajibu maswali yote sawasawa. Ngoja sasa niulize "wikiendi ulifanya nini?" Jibu: "I slept." Na kingine? Anatabasamu, anaangalia pembeni, basi. Mwishowe naanza kuongea mimi, na kipindi kikiisha nagundua nimetoa hotuba. Yupo mmoja ambaye ukimuuliza anapenda nini, kila wiki anapenda kulala. Wengine kamera hawawashi, nabaki nazungumza na herufi ya jina kwenye duara.

Mliowahi kufundisha Wajapani, mnawafanyaje wafunguke? Nimefikiria niombe mada nzito kidogo, siasa, mazingira na kadhalika, labda hizi za kila siku zinawachosha. Naomba kuwasilisha.

Bi Ubao

Mada nzito achana nazo, mdogo wangu. Mtu anayeshindwa kueleza chakula cha asubuhi hutamfungua kinywa kwa mabadiliko ya tabianchi. Mada ulizopewa zinatosha kabisa, ila maswali unayouliza ndiyo hayana pa kushika.

Mimi nasoma hapa Japani na kazi hiyo hiyo naifanya jioni, baadhi ya wanafunzi ana kwa ana, wengine kwenye kompyuta. Kwanza elewa wametokea wapi. Mtoto wa hapa anasoma Kiingereza sekondari ya chini miaka 3 na ya juu miaka 3, na mtihani wa pamoja wa kuingia chuo, huu unaofanyika Januari, una alama 100 za kusoma na 100 za kusikiliza. Kuzungumza hakumo. Ulikuwepo mpango wa kuingiza mitihani ya nje yenye sehemu ya kuzungumza, ukaahirishwa Novemba 2019, na 2021 ukafutwa moja kwa moja. Akifika chuoni anakutana na TOEIC, mtihani wa Kiingereza cha kazini, na ile wanayoifanya wengi ni kusikiliza na kusoma tu, maswali 200, alama ya juu 990. Kwa hiyo aliye mbele yako ana miaka mingi ya Kiingereza ambamo kila swali lilikuwa na jibu moja sahihi. Ukimuuliza wikiendi ilikuwaje, anatafuta jibu sahihi la wikiendi.

Pili, huyo anayelala usimcheke. Wengi wana baito, yaani kibarua cha wanafunzi. Anahudumia izakaya, baa za vyakula zile, mpaka saa tano usiku, anakimbilia treni kabla ya ile ya mwisho, na kesho kipindi cha kwanza kinaanza kama saa tatu asubuhi. Amekwambia ukweli mtupu: alilala. Ni wewe uliyeishia hapo. Muulize alilala saa ngapi, alitoka kazini saa ngapi, nani alifunga duka, mteja gani alimuudhi. Muulize analipwaje. Hesabu ya mshahara wanaipenda kuliko unavyodhani, kwa sababu wanaipiga kila wiki. Tokyo kima cha chini kilifika yen 1,163 kwa saa Oktoba 2024 na kimepanda tena baada ya hapo, na kuanzia saa nne usiku sheria inataka mwajiri aongeze asilimia 25. Kijana ambaye hajui aseme nini kuhusu "my hobby" atakueleza kwa nini zamu ya usiku ina faida, na atatumia *because* bila kulazimishwa. (Mimi kama mwanafunzi mgeni naruhusiwa saa 28 tu kwa wiki, kwa hiyo wakianza hesabu hizi nasikiliza kwa wivu.)

Tatu, na hili ndilo ninalolisimamia: jifanye mjinga, au tuseme ukweli, kubali kuwa kwenye mambo yao wewe ni mjinga. Usimuulize anachofikiri, muulize kinavyofanyika. Nilipokuwa mgeni nilishika onigiri mbele ya kamera, lile donge la wali la pembetatu linalouzwa konbini, maduka yale ya saa 24. Nikamwambia binti mmoja wa mwaka wa pili, ambaye hadi siku ile sauti yake naijua kwa "yes" na "maybe" tu: nielekeze namna ya kufungua. Ganda lake la nailoni lina namba. 1 ni utepe wa kileleni, unauvuta chini katikati, unazunguka mpaka mgongoni. 2 ni kona moja, 3 kona ya pili, unazivuta nje kila moja upande wake. Ndani mwani umetengwa na wali kwa nailoni nyembamba ili usilowe, ukifuata namba unajifunga wenyewe kwenye wali, mkavu, unalia kama karatasi. Mimi nikaanza na 2 makusudi. Kona ikatoka na kipande cha mwani. Binti alisogea mpaka uso ukajaa kwenye kioo: "No, no! First one! Center! Pull down, slowly!" Akawasha taa ya chumbani ili nione mikono yake, akachukua kipande cha karatasi akanionyesha pembe. Tulitumia dakika zote zilizobaki. Amri, mpangilio, kushoto, kulia, kabla, baada, vyote vilipita pale, na hakuna aliyemwambia leo tunajifunza maelekezo.

Wewe huna onigiri, lakini picha unayo. Na kama si onigiri, kuna taka. Muulize chupa ya plastiki anaitupaje. Atakwambia toa kifuniko, bandua lebo, suuza, ikanyage, na siku ya kuitoa ni fulani, si leo. Kila manispaa ina utaratibu wake, kwa hiyo aliyehama kwao kuja kusoma amelazimika kujifunza upya, na ana manung'uniko. Manung'uniko ni mali, yachimbe.

La mwisho, kimya chenyewe. Ukiuliza, nyamaza. Yeye anajenga sentensi kichwani, kitenzi kwao kinakaa mwisho, kwenye Kiingereza lazima akipandishe mbele. Wewe ukiona kimya unauliza tena kwa maneno mengine, unadhani unamsaidia, kumbe umemvunjia aliyokwisha kujenga na sasa ana maswali mawili. Kunywa maji. Angalia daftari lako. Usimkodolee macho.

Chaki Nyeupe

Nakubaliana na Bi Ubao karibu kote, ila naona amesahau wa mwaka wa tatu na wa nne. Hao ukiwaletea onigiri watakuvumilia kwa adabu tu, kichwani wana ajira.

Utaratibu rasmi wa kule ni kwamba kampuni zinaanza kutoa maelezo kwa wanafunzi Machi 1 mwishoni mwa mwaka wa tatu, usaili kuanzia Juni 1 mwaka wa nne, na barua rasmi za ajira kuanzia Oktoba 1. Kiuhalisia nyingi zinaanza mapema kupitia mafunzo kazini, kwa hiyo kijana wa mwaka wa tatu tayari roho juu. Kuna swali la usaili wanalolijua wote: wakati wa uanafunzi uliweka nguvu wapi? Majibu yake wanayakariri kwa Kijapani mpaka yanatoka kama risala. Mwombe akueleze hilo kwa Kiingereza cha kawaida, halafu mkatize. "Ulikuwa kiongozi wa klabu ya tenisi, sawa, funguo za stoo alikuwa nazo nani?" Akitoka kwenye risala ndipo anaanza kuzungumza.

Jambo jingine ni kusahihisha. Mwalimu akicheka na mwanafunzi dakika 25 bila kumsahihisha chochote, mwanafunzi ataondoka anaona hajafundishwa. Wanataka kusahihishwa. Ila usimkatize kati. Andika sentensi zake mbili au tatu kwenye sehemu ya ujumbe kipindi kikiendelea, mwishoni mrudie. Wengi wanapiga picha ya kioo kabla ya kuondoka.

Kuhusu kamera, usilazimishe. Vyumba vya wanaoishi peke yao ni vidogo, kitanda, nguo zilizoanikwa na sufuria vyote vinaonekana kwa pamoja. Anayeishi na wazazi anaogopa mama wa chumba cha pili asimsikie akibabaika. Na epuka maswali ya mchumba, uzito na kazi ya baba. Najua huku kwetu kuuliza habari za nyumbani ni heshima, kule mara ya kwanza ni kuchungulia.

Bi Ubao

Chaki, wa mwaka wa tatu nakupa. Ila hata hao onigiri imewahi kuwafaa, mmoja alikuwa akiomba kazi kiwanda cha vyakula.

Mjukuu wa Fundi

Asanteni sana wakuu. Leo nimejaribu ya konbini na yule bingwa wa kulala. Kumbe ana baito ya kaunta. Nimemwambia mimi ni mteja mgeni, sijui Kijapani, nimekuja na chakula na bia. Akanipokea: nikupashie moto? Unataka mfuko? Mfuko unalipiwa, kisha akanieleza kuwa imekuwa hivyo tangu Julai 2020. Kwenye bia akaniambia gusa kioo kuthibitisha una miaka 20. Nikamwambia mbona nimesikia utu uzima kwao siku hizi ni 18? Hapo ndipo alipoamka: tangu Aprili 2022 ukiwa na 18 unasaini mkataba wa simu mwenyewe, lakini pombe na sigara bado 20. Akaongeza kuwa yeye ana 19, kila usiku anauza bia asiyoruhusiwa kunywa. Alisema hivyo bila mimi kumuuliza!

Limebaki kundi la Alhamisi. Hao nikiuliza kitu, wanasubiriana. Wa kwanza akishajibu, watatu wanaofuata wanasema "same".

Bi Ubao

Angalia kama wamo wa miaka tofauti. Ukiwa na mmoja wa mwaka wa pili kati ya wa mwaka wa kwanza, wadogo watamsubiri mkubwa aseme, kisha nani athubutu kusema tofauti? Usirushe swali hewani. Taja jina, na mkubwa mwite wa mwisho. Wape dakika moja waandike kwanza, kila mtu kwake, ili wakati wa kusema mtu asome alichokwisha kuandika kabla hajasikia cha mwenzake.

Kuondoa "same" dawa yake ni kumpa kila mmoja kitu ambacho wengine hawana. Kwa mada ya usafiri mimi hutumia safari ya Tokyo kwenda Osaka wakati wa likizo. Mmoja namtumia habari za shinkansen, treni ya kasi: safari ya kama saa mbili na nusu, yen 14,000 na ushei kwenda tu. Wa pili basi la usiku, nafuu zaidi, unafika asubuhi na shingo imepinda. Wa tatu ile tiketi ya Seishun 18 (seishun ni ujana), ambayo licha ya jina mtu wa umri wowote ananunua: siku 5 mfululizo yen 12,050, siku 3 yen 10,000, treni za kawaida za JR, kampuni za reli za huku, tu, shinkansen hugusi, na Osaka unafika baada ya safari ya kama saa tisa na kubadilisha treni mara kadhaa. Wa nne hana usafiri, ana mkoba: yen 30,000 za kila kitu, kulala na kula humo humo, na Jumatatu jioni ana zamu ya baito. Huyo ndiye anayeuliza, wengine wanavutia kwao.

Usiwaambie jibu, kwa sababu halipo. Mwenye tiketi ya JR atasema ni nafuu, mwenye mkoba atamuuliza kama ni lazima siku zifuatane. Lazima, tangu majira ya baridi ya 2024 masharti yalipobadilika. Zamani ulichagua siku zako, na mtu mwenye kaka mkubwa atakuwa amesikia malalamiko hayo nyumbani. Acha wabishane, wewe zima maiki yako.

Chaki Nyeupe

Hapo kwenye kuzima maiki pigia mstari. Na wagawe wawili wawili kwanza dakika tano kwenye vyumba vidogo, mbele ya mwalimu wanaona aibu, wakiwa wawili wanajaribu. Usiingie ingie kuwachungulia.

Mjukuu wa Fundi

Nimeelewa. Naandaa karatasi nne usiku huu. Swali la mwisho: wakinigeukia na kuniuliza mwalimu wewe ungepanda nini?

Bi Ubao

Waambie huna hela na una mzigo mkubwa, wakuchagulie wao.