Mkaguzi amekuta mchuzi una joto ndani ya jokofu, bosi anataka nijaze daftari la joto la siku zilizopita. Nifanyeje?

MwikoMrefu:
Habari zenu wakuu. Nina miezi minne tangu nipewe usimamizi wa jiko la mgahawa. Juzi asubuhi mkaguzi wa afya aliingia bila taarifa. Sakafu ilikuwa safi, wapishi wamevaa kofia, nyama mbichi iko rafu ya chini kabisa. Nikajua tumepona.

Akafunua sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama tuliyoiweka kwenye jokofu usiku, akachomeka kipimajoto katikati, akanionyesha bila kusema neno. Nyuzi 31! Na ilikuwa imelala humo kwa muda wa saa 9. Kwa juu mafuta yalikuwa yameganda, ukigusa ni baridi tupu, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Akaomba daftari la joto, lile la kuandika vipimo vya jokofu kila siku. Kurasa za wiki mbili hazina kitu. Atarudi baada ya siku kumi. Sasa bosi anataka nizijaze zote, niandike nne, nne, tano, yaishe. Nikikataa naogopa kibarua kitaota nyasi. Naombeni ushauri.

Jungu70:
Jaza tu ndugu yangu. Majiko mengi ndivyo yanavyofanya, na una familia inayokutegemea.

AfisaMstaafu:
Usijaze, kijana wangu. Kazi hiyo ya ukaguzi nimeifanya mpaka nikastaafu. Daftari lililojazwa kwa mkupuo linajitangaza lenyewe: kalamu moja, mwandiko mmoja, hata doa la mafuta halina. Jokofu linalofunguliwa kutwa nzima haliwezi kusoma 4 asubuhi, mchana na usiku kwa siku kumi na nne. Tena mkaguzi ameshaziona kurasa zikiwa tupu! Uzembe unarekebishika. Ukighushi, umeongeza kosa la pili, na saini itakuwa yako, si ya bosi. Piga mstari chini ya ukurasa wa mwisho, andika tarehe, anza leo.

Ila kesi yenyewe ni ile sufuria. Vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60. Yupo mmoja, Clostridium perfringens, anayependa hasa vyungu vikubwa vya nyama. Spora zake, yaani kama mbegu zake zenye ganda gumu, hazifi kwa kuchemsha. Mchuzi ukipoa polepole zinaamka na kuongezeka. Kanuni inayotumika sana ni hii: kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria yenye kina haifiki huko hata jokofu liwe jipya.

Ule mchuzi mliufanyaje?

MwikoMrefu:
Tuliumwaga palepale mbele yake, mzee wangu. Kinachoninyima usingizi ni sufuria za wiki zilizopita. Zile zililiwa.

DadaMpishi:
Pole kaka. Sisi mchuzi ukiiva tunaugawa kwenye trei pana, kina sentimita tano hivi, tunazikalisha kwenye sinki lenye barafu na maji, tunakoroga. Usifunike gubigubi mpaka upoe, na usizipange trei moja juu ya nyingine, hewa baridi ipite. Wali nao usiuache mezani. Kuna kijidudu kingine, Bacillus cereus, ana sumu ya kutapisha ambayo hata ukipasha moto tena haiondoki.

Halafu kipimajoto chenu mmekihakiki? Kichovye kwenye barafu iliyochanganywa na maji, kisome 0. Chetu kiliwahi kudanganya kwa nyuzi 3 na tukakiamini muda mrefu.

MwenyeMgahawa:
Nakujibu kama mwajiri. Usimkatalie bosi mbele ya wapishi, mfuate akiwa peke yake. Mpeleke kwenye jokofu na kipimajoto mkononi, aone kwa macho yake. Mwambie unahitaji trei na barafu, na nani atapima saa ngapi. Mimi niliwahi kumkasirikia msimamizi aliyenikatalia hivyohivyo, leo namshukuru.

MwikoMrefu:
Wakuu, narudi na mrejesho. Nilimfuata jioni. Alinisikiliza, akanyamaza muda mrefu, akasema ninunue trei. Kuhusu kurasa hakusema kitu, na bado amenuna. Nimezipigia mstari kama mzee alivyosema.

Jana mchuzi ulifika nyuzi 57 saa 4 usiku. Saa 6 trei tatu zilisoma 19. Ya nne, tuliyoijaza kupita kiasi, ilisoma 26. Tukairudisha motoni mpaka 75, tukaigawa mara mbili, tukaanza upya. Kijana wa zamu alitaka kwenda kulala, nikamwomba abaki tupime pamoja. Asubuhi zote zilisoma 4, na ile ya nne nimeiandika kwenye daftari vilevile ilivyokuwa, pamoja na ile 26.

AfisaMstaafu:
Akirudi, mfungulie ukurasa huo kwanza.