Kaunta: graniti au marumaru? Fundi anakuja Jumamosi

BabaSalma_
Wakuu habari za jioni. Nataka kuweka jiwe juu ya kaunta. Fundi ananisukumia graniti, mwenzangu kaona marumaru nyeupe kwenye simu na hataki kusikia kingine. Ipi inadumu? Majibu ya maana tafadhali, siyo "inategemea".

FundiMbagala
Inategemea.
Kaunta ya wapi, ndani au nje? Urefu gani? Juu yake kunafanyika nini? Na hiyo marumaru ni jiwe au vigae? Siku hizi ukiingia dukani ukataja marumaru unaoneshwa maboksi ya vigae vya sakafuni.

MwalimuWaRamani
Fundi kauliza la msingi. Kigae ni udongo uliochomwa kiwandani, tukiweke pembeni.
Graniti, kwa Kiswahili chetu itale, ni mwamba moto. Uji wa mwamba ulipoa polepole mno chini ya ardhi, chembe zikapata muda wa kukua, ndiyo maana unaziona kwa macho: kwatzi, feldispa, na ule ulanga unaometameta. Uji wa mwamba ukitoka juu na kupoa haraka, chembe zinabaki ndogo usizione. Basalti ya kwenye volkano ni mfano wake.
Marumaru ni mwamba geu. Ilikuwa mawe ya chokaa, ikafukiwa, ikapata joto na mgandamizo bila kuyeyuka, ikageuka. Sura imebadilika ila tabia ni ileile ya chokaa: asidi inaila. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, madini ya marumaru yako 3, ya graniti mengi yako 6 hadi 7. Kisu cha jikoni kiko kama 5.5. Hesabu hiyo fanya mwenyewe.

NgoshaKirumba
Graniti, funga mjadala. Mwanza tumezaliwa juu yake. Lile jiwe la Bismarck limesimama ziwani linapigwa mawimbi tangu hakuna aliyekuwepo kuhesabu. Bibi yangu alisagia ulezi juu ya jiwe la itale tangu anaolewa mpaka anazikwa. Lilikuwa na kibonde katikati, basi. Shangazi ndiye kalirithi.

Kijana_wa_Posta
Taj Mahal ni ya marumaru na imesimama tangu miaka ya 1600. Mnaionea tu.

FundiMbagala
Taj Mahal hawakatii vitunguu.

BintiPangani
BabaSalma naomba unisome mpaka mwisho, maana mimi yamenikuta.
Mwaka juzi tulijenga, nikataka jiko jeupe. Tukanunua marumaru sehemu moja Dar, siitaji. Muuzaji akaniambia "hii ni graniti nyeupe, dada, haina shida yoyote." Jina graniti likanitia moyo. Wiki ya kwanza kila mgeni anaipapasa. Wiki ya pili nikatengeneza supu ya pweza, nikakata ndimu palepale juu ya jiwe, maji yake nikayaacha kama nusu saa hivi. Nilipofuta nikaona miduara imepoteza ng'aro, kama glasi iliyopumuliwa. Nikasugua. Haitoki. Baadaye nikaja kuelewa kwamba siyo doa, ni jiwe lenyewe limelika.
Ikaja manjano ya biriani. Hiyo iliingia ndani kabisa, maana hakuna aliyeniambia jiwe linapakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Nikamwita fundi aliyelifunga. Kaja na ile asidi ya kusafishia simenti kwenye vigae, kaimwaga. Jiwe likatoa povu! Tukabaki tunatazamana. Alipolisuuza sehemu nzima ya kuzunguka sinki ilikuwa chakavu kama ukuta wa chokaa uliopigwa mvua. Mume wangu hakusema neno, akatoka kwenda kukaa barazani.
Sasa hivi nimelitandikia kitambaa cha plastiki. Jiwe la bei ile, nimelifunika na plastiki ya maua.

Kijana_wa_Posta
Pole dada. Lakini hapo kosa ni la fundi na muuzaji, siyo la jiwe.

BintiPangani
Ndimu niliikata mimi, na jiwe ndilo lililoharibika. Kosa ligawe upendavyo.

Omogusii_Tabaka
Mbona hakuna anayetaja mawe ya Kisii? Huku kwetu Tabaka tunayachonga vinyago na bakuli, watu wanadhani ni ya watalii tu. Nayo ni mwamba geu, lakini asidi haiyafanyi kitu na sufuria ya moto unaiweka juu bila wasiwasi. Marekani watu wameyatumia kwa sinki na meza za maabara.

FundiMbagala
Si ndiyo yale unayakwangua kwa kucha?

Omogusii_Tabaka
Kucha inategemea kipande. Kisu ndiyo, kinachora. Ukipiga msasa mwepesi na mafuta linarudi. Hiyo ni faida pia, ukitaka kuielewa.

MwalimuWaRamani
Anayosema ndugu yetu wa Kenya ni kweli, na nimefurahi kayaleta, kwa sababu naona watu wameanza kuchukulia kwamba mwamba moto ni mgumu na mwamba geu ni laini. Kwatzaiti ni mwamba geu, ilikuwa mawe ya mchanga, na ugumu wake ni 7, inaishinda marumaru mbali. Naisi nayo ni mwamba geu, na nyingi unayoikuta yadi yenye mistari ya mawimbi inauzwa kwa jina la graniti. Ile "graniti nyeusi" tii nayo mara nyingi ni gabro: mwamba moto kweli, lakini siyo graniti.

NgoshaKirumba
Kwa hiyo graniti.

FundiMbagala
Mwalimu kasema kweli, jina la dukani usiliamini. Nenda na ndimu mfukoni. Omba kipande cha jiwe hilohilo, kamulia, subiri kama robo saa, futa. Kikipoteza ng'aro au kikitoa vipovu, rudisha. Kisha pitisha ncha ya kisu upande wa chini.
Uzito pia. Graniti ya unene wa sentimita 2 ni kama kilo 54 kwa mita ya mraba. Ukiilaza juu ya mbao za kichina utaokota vipande. Na jiko la mkaa usiliweke juu ya jiwe lolote, hata graniti inapasuka ikipata moto sehemu moja.

BabaSalma_
Asanteni wote. Samahani nilikuwa safarini. Niko Morogoro. Siyo jikoni nyumbani, ni kaunta ya kibanda cha juisi, mita 3 kwa 0.6, mashine ya miwa inakaa juu. Miwa, tangawizi na ndimu.
Halafu marumaru nimeshatoa advansi nusu.

BintiPangani
NDIMU?

FundiMbagala
Mkuu. Siku mbili tunauliza juu yake kunafanyika nini.

Kijana_wa_Posta
Aipake tu ile dawa ya kuziba, awe anafuta haraka. Marumaru ina hadhi.

MwalimuWaRamani
Dawa inazuia madoa kuzama, haizuii asidi kugusa uso wa jiwe. Na uko Morogoro, BabaSalma, Uluguru yenyewe ni miamba geu. Zunguka yadi za huko uone kama hawana naisi kabla hujaagiza chochote Dar.

NgoshaKirumba
Au njoo Mwanza uchukue jiwe bure, usafiri juu yako.

BabaSalma_
Nimempigia muuzaji kuhusu advansi, hapokei. Mwenzangu naye anasema mweupe ndiyo unavuta wateja. Nitawaambia.

Mama_Chanja
Samahani kuingilia. Mwalimu, lile jiwe la kusugulia visigino ni mwamba gani?

MwalimuWaRamani
Mwamba moto. Ni povu la lava lililoganda na hewa ndani, ndiyo maana linaelea majini.

Mama_Chanja
La kwangu limezama.

FundiMbagala
Basi umeuziwa zege.