PhD ndiyo kwanza naanza: niombe hela ndogo au ningoje kubwa?

Bi Kibokoni: Asalaam alaykum. Nimesajiliwa PhD ya historia, prapozo bado rasimu. Mada ni mgomo wa wafanyakazi wa Mombasa wa Januari 1947. Nafundisha kwa mkataba tu. Nimeona ruzuku za wakfu wa Wenner-Gren, Next Gen ya SSRC (baraza la Marekani la utafiti wa sayansi ya jamii), na DAAD, shirika la Wajerumani la ufadhili wa masomo. Nianze na ipi?

Mpwani wa Likoni: Waalaykum salaam, dada. Wenner-Gren inatia tamaa, dola 25,000 si mchezo, lakini iweke kando. Ni ya anthropolojia, na kabla hujaanza kuzitumia uwe umemaliza kila kitu cha PhD isipokuwa tasnifu. Tena karo hailipi.

Mwalimu wa Tudor: Next Gen ndiyo iliyotengenezewa hatua yako. Ngazi ya kwanza imekuwa ikitoa hadi dola 3,000 za kuandalia prapozo. Ya kwenda nyanjani hadi 15,000. Watu huidharau ile ya kwanza, na mimi naona ndiyo yenye maana. Inakupandisha SGR, unakaa Nairobi, unashinda Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue mpaka ujue mafaili ya mgomo yana nini, kabla hujamwahidi msimamizi sura tano. Ila wao hutaka mhadhiri wa chuo kinachotambulika. Uliza mapema kama mkataba wako unahesabika.

Bi Kibokoni: Na African Humanities Program ya ACLS, lile baraza la Marekani la vyama vya wasomi?

Mwalimu wa Tudor: Hiyo ilikuwa ya Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Mwenzako wa Tanga angeomba, wewe wa Mombasa umtazame tu. Wallahi hiyo iliniuma.

Zumari: Jamani, mbona hakuna anayetaja karo? Udhamini wa DAAD wa kusoma hapahapa Afrika unalipa karo na posho ya kila mwezi, kupitia vyuo walivyovichagua wenyewe. Masta isiwe imepita miaka 6.

Bi Kibokoni: Yangu ni ya 2022. Na kusema kweli karo ndiyo inayonikaba.

Zumari: Basi anza na DAAD, yakhe. Safari ya Nairobi baadaye iombee BIEA, ile taasisi ya Waingereza ya utafiti wa Afrika Mashariki, hutoa ruzuku ndogondogo.

Mpwani wa Likoni: Na kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, kishughulikie sasa. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati wa mgomo leo anakaribia tisini, na kumrekodi kwa simu hapo Majengo hakuhitaji dola.