Shamba la babu huko Rumonge, Burundi: mjukuu ana haki?

Mjukuu wa Katumba: Wakuu, naomba mnisaidie. Babu alikimbia Burundi 1972 akaishia kambi ya wakimbizi ya Katumba, Tanzania. Kila jioni alituchorea shamba mchangani kwa kijiti: mto huku, michikichi kule, ziwa chini. 2008 Tanzania ilipotutaka tuchague, uraia au kurudi, wengi walichukua uraia. Sisi tukarudi. Mto upo, michikichi ipo, na ndani kuna familia nyingine. Tudai au tuache?

Wa Rumonge: Mimi nimezaliwa kwenye shamba la namna hiyo. Baba alipewa na serikali, hakuiba. Mama kazikwa pale. Nihamie wapi? Halafu mnarudi hata Kirundi hamkijui, mnaamkia watu shikamoo.

Mjukuu wa Katumba: Kirundi kimeingiaje hapa? Mdogo wangu aliacha darasa la sita Katumba, huku akakalishwa na watoto wa la tatu kwa sababu hajui Kifaransa. Mwaka mzima wakimwita Mtanzania. Tanzania tulikuwa wakimbizi, hapa tumekuwa Watanzania. Unajua inavyouma?

Kaka Sheria: Turudi kwenye ardhi jamani. Ile sheria ya ardhi ya Burundi ya 1986, kama sikosei, ilisema ukikalia ardhi miaka 30 ni yako. Lakini Mkataba wa Arusha wa 2000, ule wa amani ya Burundi, ukasema mkimbizi arudishiwe mali yake, na isipowezekana alipwe fidia. Ndiyo maana tume ya ardhi ikaundwa.

Wa Rumonge: Fidia nani aliiona? Na sijamtukana mtu, nimesema lugha.

Dada wa Buyenzi: Umetukana. Rumonge mjini penyewe nusu ya soko ni Kiswahili, samaki unauziwa kwa Kiswahili. Leo shikamoo imekuwa kosa?

Wa Rumonge: Sokoni sawa. Baraza la wazee je? Mtu anaeleza mpaka wa shamba kwa mkalimani!

Mmishamo: Mimi nilibaki Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, nina cheti cha uraia tangu 2014, shamba la Rumonge sidai. Ila hili la lugha usilirudie, kaka. Bibi yangu kafia Mishamo. Miaka arobaini Tanzania, Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi kwa jirani. Kwa Kirundi alitutajia mipaka yote, jiwe kwa jiwe, na jina la kila jirani. Baba yako huenda yumo.

Wa Rumonge: Taja hao majirani.