Majaribio ya itifaki yakae ndani ya keneli ya Linux au nje?

Fundi wa Ngara
Mwenzetu Seva Usiku amesema majaribio ya TCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni, yabaki kwenye hazina ya msimbo ya peke yake, mbali na msimbo wa keneli, kiini cha Linux. Ningemwacha, ila alimalizia hivi: "Huku Nairobi tunapakua tu," yaani hatuchangii kitu. Hilo ndilo limeniuma. Mimi nimekesha na seva ya mteja hadi adhana ya alfajiri, kwa sababu jaribio nililopewa lilisubiri pakiti 3 za kwanza na keneli ikatuma 10. Nikailaumu keneli usiku kucha. Kumbe jaribio liliandikwa kwa kufuata RFC 3390, waraka wa kanuni za mtandao wa 2002, na Linux ilishapandisha dirisha la kuanzia, yaani idadi ya pakiti za kutuma mwanzoni kabla ya kusubiri jibu, hadi 10 tangu 2011. Lingekuwa ndani, aliyebadilisha namba angelirekebisha kwenye kiraka kilekile cha kubadilisha msimbo. Sasa niambie nani anapakua tu!

Seva Usiku
Pole kaka, sikukulenga wewe. Lakini packetdrill, programu ya kuendesha majaribio haya, ilipotoka 2013 iliendeshwa kwenye mifumo ya Linux, FreeBSD, OpenBSD na NetBSD. Ukiyafungia majaribio ndani ya Linux, hao wengine wakachukue wapi? Na hebu nikuulize: baada ya kukesha, ulituma marekebisho?

Fundi wa Ngara
Unaniuliza kama polisi. Sikutuma. Mteja alikuwa amesimama mlangoni, na kiraka cha keneli hutumwa kwa barua pepe, maandishi matupu, nafasi moja ikikaa vibaya hakishiki. Nani hapa alishakaa na kijana akamwonyesha?

Dada wa Pakiti
Mimi nimeonyesha wawili, mezani kwangu, kwa hiyo msiseme hakuna. Halafu mnabishana huku hati za packetdrill, yaani majaribio yenyewe, zilishaanza kuingizwa kwenye selftests za mtandao, majaribio yanayokaa ndani ya msimbo wa keneli, tangu 2024. Programu yenyewe ndiyo bado iko nje. Wa FreeBSD hajanyimwa kitu, ana saraka yake ya majaribio ndani ya msimbo wake.

Seva Usiku
Basi hati na programu zikipishana matoleo, tunarudi palepale kwa pakiti 3 na 10.

Fundi wa Ngara
Hapo una haki. Ila lile neno la kupakua lifute kwanza. Dada, Jumamosi uko? Nakuja na hiyo hati, unionyeshe kutuma.