Naomba ushauri: magadi yanamaliza mpunga wangu, samadi itatosha?

Wakuu, habari za majukumu. Nina ekari mbili za mpunga huku Kahe, Moshi. Upande wa bondeni, kama nusu ekari, umeshikwa na magadi. Maji yakikauka ardhi inabaki na ukoko mweupe. Ukigusa na kulamba kidole unasikia chumvi kabisa. Miche inaungua ncha za majani, wiki ya tatu imeshakufa. Msimu uliopita pale nimeambulia gunia mbili, na ada ya watoto inatoka shamba hilohilo.

Nimepima udongo, pH (kipimo cha uchachu au umagadi, 7 ndiyo katikati) ni 9.1. Afisa ugani kasema ni sodiamu, ndiyo maana maji hayapenyi, yanatuama tu juu. Nataka nichanganye samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na pumba za mpunga, zimejaa tele mashineni, halafu nijaze maji na kuyatoa kwa mtaro. Samadi mbichi naiogopa, nayo ina chumvi yake.

Aliyewahi kufanya hivi, uliweka tani ngapi kwa ekari? Kwa pH hiyo samadi pekee inafaa, au lazima na jasi (gypsum, madini ya kalsiamu ya kutibu magadi)? Jasi inachimbwa Makanya, wilaya ya Same, si mbali na huku. Kitalu nasia mwezi ujao.