Ana fimbo nyeupe lakini anasoma simu: ni kipofu kweli?

Makanga_Kondele: Naomba mnielimishe. Kuna abiria anayepanda matatu hapa Kondele, Kisumu, akiwa na fimbo nyeupe. Akishaketi anatoa simu na kuisoma kwa macho. Wenzangu wanasema anajifanya. Wengine humvuta kwa hiyo fimbo ili apande haraka. Hii ni sawa?

Mwalimu wa Mwendo: Ndugu yangu, fimbo na simu havipingani. Wengi wanaobeba fimbo nyeupe wamebaki na uoni kidogo. Wasioona hata mwanga ndio wachache. Chukua glakoma, ile watu huita presha ya macho. Kwa kawaida hula pembeni kwanza na kuacha katikati, hivyo mtu huona kama anayechungulia kwenye bomba. Simu iliyo sentimita 30 kutoka usoni inaingia ndani ya bomba. Ngazi ya matatu, kikapu cha mama kilicho sakafuni na boda inayotokea ubavuni haviingii. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, uwanja wa kuona wa jicho lililo bora zaidi ukishapungua hadi nyuzi 10 kutoka katikati, mtu huhesabiwa kipofu hata kama katikati anaona vizuri.

Kuna na kinyume chake: katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikiharibika, mtu anatembea bila kujigonga ila hasomi kibao cha gari wala hatambui uso wako. Msimwite mwenye maringo kwa kutokusalimu.

Mwanga nao hubadilisha mambo. Mwenye mtoto wa jicho huweza kuzidiwa na jua la saa sita, na mwenye retina iliyochakaa akapotea kabisa saa moja jioni.

Dada Fimbo: Kumvuta fimbo tafadhali acheni. Ncha yake ndiyo inayomwambia mtaro uko wapi, ukiishika, umemziba.

Msalimu, jitambulishe, uulize kama anataka msaada. Akikubali, mpe mkono wako: atashika juu kidogo ya kiwiko na kufuata nusu hatua nyuma, ahisi mwili wako unapopanda au kushuka. Mlangoni weka mkono wake kwenye chuma cha kushikilia, mwambie ngazi ni ngapi na paa liko chini, kisha mwache apande mwenyewe. Kumsukuma kiunoni ndiko kunakomwangusha. Ndani, mwekee mkono kwenye mgongo wa kiti. "Pale" na "huku" hazimsaidii. Sema "kushoto kwako, hatua mbili". Chenji mtajie noti moja moja. Anaposhuka, mwambie kama kuna mtaro, na dereva asiondoke kabla hajasimama imara.

Makanga_Kondele: Asanteni sana. Na je, miwani haiwezi kumrudishia? Au abadilishiwe jicho?

Mwalimu wa Mwendo: Hakuna kubadilisha jicho zima kunakorudisha uoni. Kinachopandikizwa ni konea, kile kioo cha mbele, na tatizo la glakoma liko kwenye neva ya nyuma. Miwani haifiki huko. Dawa ya matone hulinda kilichobaki tu, kwa hiyo mwenye glakoma akiiacha kwa kuwa "haimwongezei kuona", anapoteza zaidi. Mtoto wa jicho ni habari nyingine: lenzi yenye ukungu hutolewa, ya bandia ikawekwa, na wengi huona tena. Hospitali ya macho ya Sabatia, kule Vihiga, hufanya upasuaji huo.

Na kusoma simu hakumalizi macho yaliyobaki. Mwacheni asome.

Dada Fimbo: Niongeze moja: glakoma hutembea ndani ya familia, na mwanzoni haiumi. Ndugu wa mwenye glakoma wapimwe hata kama wanaona vizuri.